Jembe na Jina: Historia ya Mafunzo ya Nje ya Darasa katika Shule za Msingi za Kenya na Tanzania

Utangulizi

Mambo machache katika historia ya elimu ya Afrika Mashariki yamezua ubishi mrefu kama shamba la shule. Kwa muda wa karibu miaka mia moja, tangu 1925, serikali zilizofuatana katika Kenya na Tanzania zimeamuru mara kwa mara kwamba mtoto wa shule ya msingi atolewe darasani, apelekwe bustanini, shambani au mwituni, akajifunze kwa macho na kwa mikono yake. Na kila mara amri hiyo imepokewa kwa shaka na wazazi, na kwa manung'uniko na watoto wenyewe. Wanahistoria wameyaeleza haya kwa sababu za kisiasa na za kiuchumi, na sababu hizo ni za kweli. Lakini iko sababu nyingine isiyotazamwa sana, nayo yawahusu wataalamu wa lugha hasa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mafunzo ya nje yalistawi pale tu mtoto aliporuhusiwa kutaja alichokiona kwa lugha aliyoijua, na kuuliza juu yake. Palipokosekana ruhusa hiyo, kilichobaki mkononi mwa mtoto kilikuwa jembe, na somo likageuka kazi. Hoja hii itapimwa kwa vipindi vitatu: miaka ya shule za Jeanes chini ya ukoloni, miaka ya Elimu ya Kujitegemea nchini Tanzania, na miaka ya mfumo wa 8-4-4 nchini Kenya. Kabla ya hapo hapana budi kutazama elimu iliyokuwapo kabla ya shule yenyewe.

1. Malisho, minazi na mikoko

Ni kosa kudhani kwamba kumfundisha mtoto nje ni fikira iliyoletwa kutoka Ulaya. Friedrich Froebel alipoanzisha shule yake ya watoto wadogo huko Blankenburg, Ujerumani, mnamo 1837, na Anna Botsford Comstock wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alipochapisha mnamo 1911 kitabu chake kikubwa cha kuwaongoza walimu katika uchunguzi wa maumbile, wote wawili walikuwa wakijaribu kumrudishia mtoto jambo ambalo shule ya vitabu ilikuwa imemnyang'anya. Katika Afrika Mashariki jambo hilo lilikuwa lingali hai nyumbani.

Jomo Kenyatta, katika kitabu chake juu ya maisha ya Wakikuyu kilichotoka 1938, ameeleza jinsi mtoto wa kiume alivyofunzwa kuwatambua wanyama wa baba yake kwa rangi, ukubwa na umbo la pembe. Baadaye mifugo ya jamaa mbili tatu ilichanganywa pamoja, naye akatakiwa awatenge walio wao. Huo ulikuwa mtihani kamili, na yapasa kuangaliwa kwamba ulikuwa mtihani wa lugha pia. Mfugaji hawezi kuikumbuka mifugo mingi bila msamiati wa rangi na mabaka, na msamiati huo mtoto aliupata malishoni, mbele ya mnyama mwenyewe.

Pwani mfano ulio wazi zaidi ni mnazi. Tunda lake lina jina kwa kila hatua ya kukua kwake: huanza kuwa kidaka, likawa kitale, likawa dafu, likawa koroma, ndipo likawa nazi. Mtoto asiyezijua tofauti hizi hawezi kutumwa kuangua, kwani ataleta koroma palipotakiwa dafu. Majina hayo matano ni mafunzo ya uchunguzi yaliyohifadhiwa ndani ya lugha. Ayajuaye amekwisha kufundishwa kutazama ukubwa wa tunda, rangi ya ganda, wingi wa maji na unene wa nyama yake. Ndivyo ilivyo pia kwa mpunga, mchele na wali, ambavyo katika lugha nyingine za dunia hubeba jina moja.

Kadhalika kwa miti ya maji ya chumvi. Mgeni auonapo msitu wa ufukoni huko Lamu au katika delta ya Rufiji hudhani kwamba ni mti mmoja uliojirudia. Mwenyeji huona mkoko, mkandaa, mchu, muia, mlilana na mkomafi, naye ajua kwamba mkoko hutoa boriti, na gome la mkandaa hutoa rangi. Mtoto wa mvuvi aliyepata kufuatana na baba yake ajua tofauti ya maji ya bamvua na maji mafu, na ajua majira ya kaskazi na ya kusi, kabla hajaonyeshwa ramani yoyote ya pepo za dunia.

Isidhaniwe kwamba elimu hii ilikuwa kamilifu. Ilikuwa na mipaka: mtoto wa malishoni alijua malisho yake, na maswali mengine yalikatazwa na miiko. Lakini ilikuwa na sifa moja ambayo shule ilikuja kuipoteza, nayo ni kwamba kitu, jina na kazi ya kitu vilifundishwa kwa wakati mmoja.

2. Kabete, 1925

Mnamo 1924 tume iliyotumwa na Mfuko wa Phelps-Stokes wa New York, chini ya uongozi wa Thomas Jesse Jones, ilizuru Afrika Mashariki. Miongoni mwa wajumbe wake alikuwamo James Emman Kwegyir Aggrey, msomi mashuhuri kutoka nchi iitwayo leo Ghana. Taarifa ya tume ilitolewa 1925, na mwaka huo huo serikali ya Uingereza ilitangaza siasa yake ya elimu kwa makoloni yake ya Afrika ya tropiki. Nyaraka hizo mbili zilikubaliana katika mambo mawili: kwamba elimu ya Mwafrika ipatane na mazingira yake, yaani ardhi, kilimo na afya ya kijiji, na kwamba lugha za wenyeji zitumike katika madarasa ya mwanzo. Yafaa kukumbuka kwamba katika karatasi mambo haya mawili yalizaliwa pamoja.

Shule ya Jeanes ilifunguliwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, mwaka huo wa 1925 kwa msaada wa Shirika la Carnegie. Mkuu wake wa kwanza alikuwa J. W. C. Dougall, aliyekuwa katibu wa tume. Jina la shule lilitoka mbali. Anna T. Jeanes, mwanamke tajiri wa Philadelphia, alitoa dola milioni moja mnamo 1907 kwa ajili ya shule za vijijini za Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini. Mwalimu wa kwanza wa mfuko huo, Virginia Randolph wa wilaya ya Henrico katika jimbo la Virginia, alianza kazi yake 1908, na mwaka huo huo aliwaongoza wanafunzi wake kupanda miti 12 shuleni. Randolph alikuwa mmoja wa watu aliowafundisha, na alizungumza nao kwa lugha waliyoizungumza nyumbani kwao. Sifa hiyo ya pili haikuvuka bahari kwa wepesi.

Walimu walioletwa Kabete walikuja pamoja na wake zao, wakakaa katika nyumba zilizopangwa mfano wa kijiji, wakalima bustani na kujifunza usafi, ufugaji na malezi. Walipohitimu walirudi makwao kuzikagua na kuzisaidia shule ndogo za vijijini. Kwa njia hii bustani ya shule ikaenea. Mwaka 1929 mwanabiolojia Julian Huxley alitumwa Afrika Mashariki kuangalia nafasi ya elimu ya viumbe katika shule za Waafrika, na katika kitabu chake cha safari hiyo, kilichotoka 1931, alishikilia kwamba elimu hiyo ina haki ya kuwa nguzo ya masomo yote. Tanganyika nako, katika shule ya Malangali, W. Bryant Mumford alijaribu kuisimamisha shule juu ya desturi za Wahehe, Wabena na Wasangu, wazee wakiitwa kutoa mashauri na mafunzo.

Kwa mtazamo wa lugha, mavuno makubwa ya Kabete hayakutoka bustanini. T. G. Benson, aliyeiongoza Shule ya Jeanes katika miaka ya 1930, ndiye aliyekuja kuwa mhariri wa kamusi kubwa ya Kikuyu na Kiingereza iliyochapishwa 1964, ambamo majina mengi ya mimea yamefuatanishwa na majina yao ya kitaalamu. Hazina hii ilikusanywa kwa watu waliokulia malishoni na mashambani. Lakini ilichapishwa kwa Kiingereza, kwa bei na kwa namna iliyomfaa mtafiti, na mwalimu wa bustani ya kijijini hakuwekewa kitabu cha mfano huo mkononi. Maarifa yalitoka kwa mwenyeji yakaenda kwa msomi, na njia ya kuyarudisha haikutengenezwa.

3. Kwa nini wazazi walikataa

Wazazi wa Kenya waliitazama bustani ya shule wakaona mtego. Hawakukosea. Mtoto alifundishwa kilimo bora, ilhali baba yake alizuiwa kupanda kahawa, zao lililowatajirisha masetla. Ruhusa ya kwanza ilitolewa kwa vipande vidogo katika miaka ya 1930 huko Kisii, Embu na Meru, na katika sehemu kubwa ya Ukikuyu mlango haukufunguliwa mpaka miaka ya 1950, hasa baada ya mpango wa Swynnerton wa 1954. Kumwambia mtu huyo kwamba elimu impasayo mwanawe ni elimu ya udongo kulikuwa sawa na kumwambia abaki alipo. Ukarani, ualimu na mishahara vilipatikana kwa Kiingereza. Kwa hiyo shule za kujitegemea za Wakikuyu, zilizoanzishwa na wenyeji wenyewe baada ya mzozo wa 1929 na misheni, zilidai Kiingereza kwa nguvu, na hazikuona aibu kukidai.

Hapo likatokea jambo ambalo hakuna upande ulioliona tangu mwanzo. Serikali ilikuwa imeyafunga pamoja mazingira na lugha ya mama, na yote mawili yakaonekana kuwa alama ya elimu duni. Mzazi alipoikataa bustani aliikataa na lugha iliyokuja nayo. Baada ya hali ya hatari kutangazwa 1952 na shule za kujitegemea kufungwa, Kiingereza kilishika nafasi ya mbele, na adhabu zikakifuata. Ngũgĩ wa Thiong'o ameeleza katika insha zake za 1986 jinsi mtoto aliyeshikwa akisema Kikuyu alivyochapwa au kuvikwa kibao cha chuma shingoni. Wangari Maathai naye, katika kumbukumbu zake za 2006, ameeleza juu ya beji iliyopitishwa kwa kila mwanafunzi aliyenaswa akisema lugha ya kwao.

Kumbukumbu hizo za Maathai zastahili kusomwa na kila mwenye kuchunguza historia hii, kwa maana zaonyesha elimu mbili zikikutana ndani ya mtoto mmoja. Mama yake alimkataza kuokota kuni za mũgumo uliokuwa karibu na kwao, akimwambia kwamba mti huo ni wa Mungu. Karibu na mti huo palikuwa na kijito, na mtoto alicheza hapo akitazama mayai ya vyura na viluwiluwi. Miaka mingi baadaye, akiwa mwanasayansi, alielewa kwamba mizizi ya mti huo ilipenya miamba na kuyashika maji ya ardhini, na kwamba ulipokatwa kijito nacho kilikauka. Marufuku ya mama ilikuwa na maarifa ndani yake. Shule haikuwa na nafasi ya kuyapokea, kwani yalikuja kwa Kikuyu.

Tuseme basi mtoto wa miaka hiyo alipelekwa bustanini na mwalimu wake. Mti ulikuwa mbele yake na jina la mti huo lilikuwa mdomoni mwake, lakini kulitamka lilikuwa kosa. Jina la Kiingereza hakulijua, na pengine hata mwalimu hakulijua. Jambo moja tu liliwezekana kufanywa bila maneno, nalo ni kulima.

4. Elimu ya Kujitegemea

Ikiwa lugha ndiyo kiini cha tatizo, basi Tanzania ilipaswa kufaulu. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa waraka wake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Kila shule ilitakiwa iwe pia mahali pa uzalishaji, yenye shamba au karakana yake. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia masomo ya shule za msingi nchini kote. Tena hapakuwa na setla wa kuogopwa wala zao lililokatazwa.

Palikuwa na mafanikio. Huko Kwamsisi, wilayani Handeni, majaribio yaliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970 yalijaribu kuiondoa mipaka baina ya shule na kijiji, ili masomo yatokane na mahitaji ya wanakijiji wenyewe. Mtoto wa Tanzania aliweza kusimama shambani na kuuliza kwa Kiswahili kwa nini mahindi ya upande huu yamenyauka, na mwalimu akaweza kumjibu. Msamiati wa kilimo ukapanuka, na maneno kama mbolea, kitalu, palizi, matuta na mmomonyoko yakawa mali ya kila mwanafunzi.

Hata hivyo, katika shule nyingi shamba liligeuka kazi tupu. Nyerere alikuwa ametaka wanafunzi washiriki katika kuipanga kazi na kuelewa sababu za matokeo yake. Lakini sababu ni kitu kigumu kuhesabiwa, na magunia ni rahisi kuhesabiwa. Shule ikapimwa kwa mavuno. Kulima kukafanywa adhabu ya aliyechelewa, na malalamiko ya wazazi juu ya watoto kutumikishwa yakasikika tena, safari hii bila ya mkoloni wa kulaumiwa.

Kipindi hiki chailazimisha hoja ya makala haya ijirekebishe. Lugha ijulikanayo ni sharti la lazima, lakini peke yake haitoshi. Swali nalo lazima lipewe wakati wake katika ratiba. Na iko nukta ya pili. Kiswahili kilimpa mtoto wa Uhehe au wa Uchaga lugha ya kuulizia, lakini hakikumpa kila mara majina ya majani ya kwao. Majina hayo yalikuwa katika Kihehe na Kichaga, ambazo hazikuwa na nafasi darasani. Mimea mingi ya nyanda za juu haina jina la Kiswahili lijulikanalo na wote, kwa kuwa Kiswahili kilizaliwa pwani, nacho ni tajiri wa majina ya huko. Mtoto wa bara alirithi lugha iliyojua hatua tano za nazi, ilhali miti ya mlima wake ilibaki nje ya kitabu.

Inafaa pia kutaja vilabu vya Malihai, vilivyoanzishwa Tanzania mnamo 1980 ili kuwafunza vijana juu ya wanyama na misitu. Jina lenyewe ni ubunifu wa kupendeza, maneno mawili yaliyounganishwa kuwa moja. Lakini lasema waziwazi kwamba mnyama ni mali. Nchini Kenya, vilabu vya wanyamapori vilivyoanzishwa 1968 vilitoa jarida la watoto lililoitwa Komba. Katika jina la kwanza mtoto hufunzwa kuhesabu utajiri wa taifa. Katika la pili huonyeshwa mnyama mmoja mdogo wa usiku, ambaye mtoto wa pwani amesikia kilio chake juu ya minazi.

5. Kenya: kutoka mchangani hadi karatasi ya mtihani

Kenya ilifuata njia nyingine. Mpango mpya wa kufundisha madarasa ya chini kwa Kiingereza ulianza kwa majaribio mjini Nairobi mnamo 1957, ukaenea haraka katika miaka iliyozunguka uhuru wa 1963. Katika miaka hiyo hiyo ya 1960 nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, zilishirikiana na wataalamu wa Marekani katika mradi wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika. Mradi huu uliamini kwamba mtoto afundishwe sayansi kwa vitu alivyovizoea. Mojawapo ya miongozo yake ilihusu mdudu yule mdogo achimbaye shimo la mfano wa faneli katika mchanga mkavu, akajificha chini, akangoja sisimizi watumbukie. Mwongozo ulimtaka mwalimu asitoe majibu: mtoto akimwuliza neno juu ya mdudu, amtume akamwulize mdudu mwenyewe, yaani amchunguze na kumjaribu.

Eleanor Duckworth, aliyeitathmini kazi ya mradi huu nchini Kenya, aliwapa watoto vifaa mbalimbali, akatazama watafanya navyo nini bila kuamriwa. Watoto waliopitia mradi walionyesha fikira nyingi zaidi, zenye namna mbalimbali, na walizifuata kwa muda mrefu kuliko wenzao. Hili ni shahidi muhimu kwamba kufundisha nje kwaweza kukuza akili hata katika shule maskini. Lakini miongozo ya walimu iliandikwa kwa Kiingereza, na mdudu huyo, ambaye watoto wa vijijini walimjua na kumchezea tangu utotoni kwa majina ya lugha zao, aliingia darasani kama mgeni.

Taarifa ya Gachathi ya 1976 ilipendekeza lugha ya eneo la shule itumike katika madarasa ya chini. Mwaka 1977 Wangari Maathai alianzisha harakati za Ukanda wa Kijani chini ya Baraza la Kitaifa la Wanawake, na shule zikawa miongoni mwa mahali palipopandwa miti. Kisha 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, uliorudisha kilimo na kazi za mikono katika shule ya msingi kwa nguvu kuliko wakati wowote tangu Kabete.

Kilichotokea chajulikana na kila aliyefundisha miaka hiyo. Cheti cha kumaliza shule ya msingi kilitahiniwa kwa maswali ya kuchagua jibu, isipokuwa insha. Mtoto aliweza kupata alama ya udongo wa mfinyanzi bila kuufinyanga, na ya palizi bila kushika jembe. Mwalimu mwenye busara ya mtihani alibaki darasani. Zaidi ya hayo, kuanzia darasa la nne masomo haya yalifundishwa kwa Kiingereza, na majina ya magugu yakakaririwa kwa Kiingereza. Yatosha kutaja mmea wenye mbegu nyeusi kama sindano, zinazonasa katika nguo za wapita njia. Kwa Kiswahili huitwa kishona nguo, na kwa Kikuyu mũcege. Jina la Kiswahili limebeba maelezo ya jinsi mbegu zisafirivyo; mtoto aliyelielewa amekwisha kujibu nusu ya swali la sayansi kuhusu kuenea kwa mbegu. Mahali pengi barani majani machanga ya mmea huo huliwa kama mboga. Yote haya hupotea mmea uingiapo katika orodha ya magugu kwa jina la kukariri tu.

Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho 2023, lakini masomo ya vitendo yalikuwa yamekwisha kupunguzwa katika marekebisho ya mtaala mwanzoni mwa miaka ya 2000.

6. Majina katika kamusi

Lawama haiwezi kuwekwa juu ya walimu peke yao. Mwalimu aliyetaka kufundisha kwa majina ya kwao angeyatafuta wapi? Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki ilianza kazi yake 1930, na kamusi ya Johnson iliyotokana nayo ilichapishwa 1939. Humo, kama ilivyo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981, miti, ndege na samaki wengi wamefasiliwa kwa maneno machache tu: aina ya mti, aina ya ndege, aina ya samaki. Fasili hiyo humwambia msomaji jambo alilokwisha kulijua. Mtoto aliyeshika jani mkononi hawezi kulitambua kwa kamusi ya namna hii.

Kazi bora zaidi ilifanywa na mtaalamu wa mimea. P. J. Greenway wa kituo cha utafiti cha Amani, katika milima ya Usambara, alitunga kamusi ya majina ya mimea ya Kiswahili, na toleo lake la pili lilitoka 1940. Kila jina lilifungamanishwa na mmea wenyewe. Hifadhi ya mimea iliyokaushwa ilihamishwa kutoka Amani kwenda Nairobi mnamo 1950, na hapo yako majina mengi ya wenyeji yaliyoandikwa kwenye vibandiko na wakusanyaji. Mnamo 1999 Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalitoa kitabu cha Maundu, Ngugi na Kabuye juu ya mimea ya vyakula vya asili nchini Kenya, chenye majina ya lugha nyingi za nchi. Humo mnavu, ambao Wakikuyu huuita managu na Wajaluo osuga, umetoka katika daraja la magugu ukarudi katika daraja la mboga.

Yaonekana basi kwamba waliohifadhi majina ni wanasayansi, na waliyatafuta kwa ajili ya mimea. Wanaisimu wamejishughulisha zaidi na sarufi na istilahi mpya: jinsi ya kutafsiri majina ya gesi, ya seli na ya mashine. Kazi hiyo ilihitajiwa. Lakini wakati istilahi za maabara zilipokuwa zikibuniwa mezani, istilahi za malishoni, zilizokwisha kubuniwa na vizazi vingi, zilikuwa zikifa pamoja na wazee.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika katika shule za Kenya nzima mnamo 2019, umeyaweka tena masomo ya mazingira na lugha za kiasili pamoja katika madarasa matatu ya mwanzo. Kwa mara ya pili tangu 1925 mambo haya mawili yamekutana katika karatasi. Historia iliyoelezwa hapa yaonya kwamba kukutana katika karatasi hakutoshi. Yakifundishwa katika vipindi viwili visivyojuana, mazingira kwa Kiingereza na lugha ya mama kwa hadithi za kitabuni, mwisho wake utakuwa kama wa zamani.

Iko dalili ya njia nyingine. Mwaka 2021 UNESCO iliiorodhesha miongoni mwa mifano mizuri ya kuhifadhi urithi kazi iliyofanywa Kenya kuhusu vyakula vya asili, ambayo sehemu yake ilikuwa watoto wa shule za msingi, katika jamii za Waisukha na Wapokot, kuviorodhesha vyakula hivyo pamoja na watu wa kwao. Hapa mtoto alitoka nje bila jembe. Alitoka na kalamu, akaenda kwa bibi yake, akauliza jina, matayarisho na majira, akarudi shuleni na maarifa ambayo mwalimu hakuwa nayo.

Idara za lugha za vyuo vikuu zina uwezo wa kuiendeleza njia hii. Kila shule ya msingi yaweza kuwa na daftari moja ambamo mtoto huandika jina la mmea au mdudu kwa lugha ya nyumbani, jina lake la Kiswahili likiwapo, mahali alipouona, majira yake, matumizi yake, na swali moja ambalo halijajibiwa. Jani likaushwe na kubandikwa kando ya jina, kwa kuwa jina moja aghalabu huitwa mimea miwili katika wilaya mbili, na bila jani daftari halitamfaa mtunga kamusi. Kazi ya mwanaisimu ni kuyakusanya madaftari hayo, kuyalinganisha, kuyapeleka kwa mtaalamu wa mimea yahakikishwe, kisha, na hili ndilo lisilofanyika Kabete, kuyarudisha shuleni yakiwa kitabu cha kusomwa na watoto wale wale.

Wazee waliolelewa malishoni kabla ya shule kuenea wamebaki wachache. Kamusi inayosema aina ya mti yaweza kusahihishwa wakati wowote maadamu yuko mtu wa kuulizwa mti huo ni upi.